Raha, Karaha na Kiambishi cha Nafsi: Uhakiki wa Masimulizi ya Likizo ya Mbuga na Pwani katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanahakiki masimulizi ya likizo ya mbuga na pwani, utanzu ambao kwa muda mrefu umeieleza Afrika Mashariki kwa wasomaji wa nje. Swali kuu ni hili: raha na karaha za msafiri husimuliwa kwa sauti ya nani, na Kiswahili hupewa kazi gani katika usimulizi huo? Matini zinazochunguzwa ni Remote People ya Evelyn Waugh (1931) na Green Hills of Africa ya Ernest Hemingway (1935), pamoja na misemo ya Kiswahili cha utalii cha leo. Matini hizo zinalinganishwa na masimulizi ya Waswahili wenyewe katika Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa Carl Velten wa mwaka 1901. Makala yanadai kuwa Kiswahili cha utalii kimepoteza viambishi vya nafsi, na pamoja navyo kimepoteza uwezo wa kuizungumzia karaha. Kwa hiyo karaha inapotokea, mgeni na mwenyeji hukosa lugha ya kuipokea pamoja. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo ya kisera kwa nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

1. Utangulizi

Likizo ya mbuga na pwani ina muundo unaofahamika. Mgeni huwasili kwa ndege, hupelekwa mbugani kwa siku chache, huamshwa alfajiri, huvumilia vumbi na matuta ya barabara, huwaona wanyama, kisha hushuka pwani kupumzika. Nusu ya kwanza ni ya juhudi na nusu ya pili ni ya starehe. Masimulizi yanayotokana na likizo hiyo hufuata mpangilio huohuo: kuna matarajio, kuna kuvunjika moyo, kuna tukio moja kubwa linalofidia usumbufu wote, na kuna kuagana. Hata anayesimulia kwa rafiki zake mezani huifuata njia hiyo bila kuambiwa.

Wahakiki wa Kiswahili hawajaupa utanzu huu uzito unaostahili, pengine kwa sababu sehemu kubwa ya matini zake imeandikwa kwa lugha za kigeni. Hata hivyo, hakuna utanzu mwingine uliosambaza maneno ya Kiswahili duniani kwa kiasi kikubwa kuliko huu. Neno safari lenyewe ni ushahidi. Katika Kiswahili, safari ni mwendo wowote kutoka mahali hadi mahali: ya harusini, ya msibani, ya sokoni. Liliingia katika Kiingereza katika karne ya 19, enzi ya misafara ya bara, likapunguzwa likabaki na maana ya kwenda kuwinda, na baadaye kutazama wanyama. Mwenye lugha husafiri ili kuwafikia watu. Aliyeiazima hufanya safari ili kufika mahali ambapo, kwa matarajio yake, watu hawapo.

Upungufu huo wa maana ndio msingi wa uhakiki huu. Hoja si kwamba wageni wanakiharibu Kiswahili, kwani kila lugha inayosafiri hubadilika. Hoja ni kwamba kilichopunguzwa si msamiati tu, bali ni nafsi za watu. Na jambo hilo lina athari kwa mgeni, kwa mwenyeji na kwa sera.

2. Kigezo cha Uhakiki: Kutoka Hujambo hadi Jambo

Salamu ya Kiswahili hujambo ni swali lenye ukanushi na nafsi ndani yake. Kiambishi hu- kinajumuisha ukanushi na nafsi ya pili umoja. Maana yake ya msingi ni kuuliza iwapo mtu anayesalimiwa hana jambo lililomfika. Anayejibu husema sijambo, yaani nafsi ya kwanza inajitokeza na kujibu yenyewe. Wakiwa wengi huulizwa hamjambo, nao hujibu hatujambo. Salamu hii, basi, ni mazungumzo mafupi kuhusu karaha: mmoja anauliza kama ipo, mwingine anajibu kwamba haipo, na wote wawili wanatajwa katika sarufi.

Katika Kiswahili cha utalii, salamu hiyo imebaki jambo. Ukanushi umeondoka na nafsi imeondoka. Kwa tafsiri ya neno kwa neno, watu wawili wanaosalimiana kwa jambo hutamkiana shida bila kuuliza ni ya nani. Hali inafanana katika usemi hakuna matata. Maneno yote mawili ni ya Kiswahili na hayana kosa la kisarufi, ingawa wazungumzaji wengi wangesema hamna shida, haina neno, au usiwe na wasiwasi. Tofauti iko katika nafsi. Sina shida ni kauli ya mtu kuhusu hali yake mwenyewe. Usiwe na wasiwasi ni kauli ya mtu kwa mwenziwe. Hakuna matata ni kauli kuhusu mahali. Inatangaza kwamba katika nchi nzima shida haipo, na haimtaji aliyeichunguza.

Historia ya misemo hii inajulikana. Wimbo Jambo Bwana wa kundi la Them Mushrooms la Kenya ulirekodiwa mwaka 1982 na wanamuziki waliozoea kutumbuiza katika hoteli za pwani. Ulikuwa somo fupi la salamu kwa mgeni, na kwa kazi hiyo ulifanikiwa mno. Filamu The Lion King ya mwaka 1994 ikaueneza usemi wa pili duniani kote, na mwaka 2003 kampuni ya Disney ikausajili nchini Marekani kuwa alama ya biashara kwa matumizi ya fulana. Suala hilo lilipozua mjadala mkali mwaka 2018, Waafrika Mashariki wengi walilalamika kwamba lugha yao imeibwa. Lalamiko lilikuwa na haki, lakini lilikwepa swali gumu zaidi: ni nani aliyekuwa akiusema usemi huo kila siku kwenye mapokezi ya hoteli, na alikuwa akiacha kusema nini?

Kutokana na hayo, kigezo cha uhakiki huu ni chepesi. Katika kila matini huulizwa: nani anapewa kiambishi cha nafsi, yaani nani anauliza, anajibu, anakana na kulalamika? Na karaha inapotokea, inahesabiwa kuwa ya nani?

3. Mbuga: Hemingway na Karaha Inayogeuzwa Sanaa

Hemingway aliwinda Tanganyika kati ya mwisho wa 1933 na mwanzo wa 1934. Januari 1934 aliugua ugonjwa wa kuhara damu unaosababishwa na amiba, akasafirishwa kwa ndege hadi Nairobi kutibiwa, kisha akarudi kuwinda. Kwa kipimo cha likizo yoyote, hiyo ni karaha kubwa. Kinachovutia ni namna mwandishi alivyoigawa. Katika Green Hills of Africa ugonjwa hauchukui nafasi kuu. Mvutano wa kitabu unahusu tandala mkubwa na wivu wa msimulizi kwa mwenzake Karl, ambaye hupata wanyama wenye pembe kubwa kuliko zake. Mwaka 1936, katika hadithi fupi The Snows of Kilimanjaro, mgonjwa anayeisubiri ndege akawa kiini cha kazi nzima, na karaha ya mwili ikageuzwa tafakuri juu ya maisha yaliyopotezwa.

Kwa kigezo cha nafsi, matini hizi zinaonyesha mpaka ulio wazi. Katika hadithi fupi, mtumishi Molo huitwa ili alete kinywaji, naye huitika. Ana jina, ana mikono, lakini hana hali. Hakuna anayemuuliza hujambo. Katika Green Hills of Africa, waongozaji kadhaa hubandikwa majina ya utani kwa Kiingereza kulingana na sura au mwenendo wao. Mmoja anayependa kujionyesha hupewa jina la mwigizaji maarufu wa Uingereza wa karne ya 18, Garrick. Mkuta nyayo anapoudhi, udhia wake huwa tabia ya asili. Msimulizi anapoudhi, udhia wake huwa uchovu wa safari.

Haki inadai kuongeza kwamba M'Cola, mbeba bunduki, amechorwa kwa uangalifu mkubwa zaidi. Ana ucheshi wake, ana vitu anavyovicheka na ana watu anaowapenda na asiowapenda. Msimulizi anatamani kuheshimiwa naye, na anajua kwamba heshima hiyo hailetwi na mshahara. Hapa matini inakaribia kumpa mwenyeji nafsi kamili. Kinachoizuia ni lugha: Kiswahili cha kambini katika kitabu hiki ni majina ya wanyama, salamu na amri fupi. Kwa lugha hiyo mtu anaweza kuonyesha njia na kushangilia, lakini hawezi kueleza kwa nini amekasirika. M'Cola anafahamika kwa vicheko na vinyamavu vyake kwa sababu mwandishi hakuwa na sarufi ya kumuuliza.

Mbuga yenyewe ilichangia ukimya huo. Serengeti ilipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, wafugaji wa Kimaasai walikuwa wakiishi ndani yake. Kufikia mwaka 1959 walikuwa wameondolewa, na eneo la Ngorongoro likatengwa chini ya mamlaka nyingine. Mandhari ambayo mtalii wa leo huisifu kwa utulivu wake si ya asili tupu, bali ina historia ya watu waliohamishwa. Simulizi linaposifu nyika isiyo na mtu, linasifu pia uamuzi wa kiutawala bila kuutaja.

4. Uchovu: Waugh na Joto la Unguja

Waugh ni msafiri wa aina nyingine. Remote People inaeleza safari yake ya 1930 na 1931, kuanzia kutawazwa kwa Haile Selassie huko Addis Ababa hadi Aden, Unguja, Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo. Tofauti na Hemingway, hajifanyi shujaa. Anakiri kwamba sehemu kubwa ya safari ni kungoja, kutoa jasho na kukosa la kufanya. Sura tatu fupi za kitabu amezipa jina la jinamizi, na mojawapo inahusu Kongo, ambako mipango ya usafiri ilimvunjikia. Unguja, ambayo vipeperushi vya leo huiita pepo, kwake ilikuwa kisiwa cha joto lisilovumilika.

Uaminifu huo ni sifa. Katika utanzu unaoogopa kukiri kuchoshwa, Waugh anakumbusha kwamba karaha iliyo ya kawaida zaidi si simba wala homa, bali ni saa tatu za kusubiri pasipo maelezo. Tena jinamizi la tatu na la mwisho linatokea London baada ya kurejea. Kwa hiyo msomaji hawezi kusema kwamba karaha ni mali ya Afrika.

Hata hivyo, kwa kigezo cha nafsi, mapungufu yake ni makubwa. Wazungumzaji wake ni walowezi, maofisa, wamisionari na wasafiri wenzake. Wenyeji wa Unguja wanaonekana kama sehemu ya hali ya hewa. Joto analolilalamikia lina majina katika lugha ya hapo na lina mpangilio: kuna kaskazi na kusi, kuna masika na vuli, na biashara, uvuvi na ndoa vimepangwa kwa kufuata majira hayo tangu zamani. Mgeni asiyeyajua majira huona joto. Anayeyajua huona mwezi. Waugh hakumuuliza mtu, na kwa hiyo akabaki na joto peke yake.

5. Pwani ya Leo: Maji Kupwa na Maji Kujaa

Mfano wa Waugh unaendelea katika karaha za mtalii wa sasa, na mfano ulio wazi kuliko yote ni maji ya bahari. Katika pwani ya mashariki ya Unguja, sehemu za Paje na Jambiani, maji yakipwa hurudi nyuma mbali sana, na wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hukaribia mita 4. Mgeni aliyeona picha ya bahari ya samawati ikigusa ngazi za hoteli huamka akakuta mchanga, matope na mwamba. Katika masimulizi mengi huu ni wakati wa kuvunjika moyo. Bahari imeondoka, na mgeni anahisi amedanganywa.

Kwa mwenyeji, saa hiyohiyo ni saa ya kazi. Tangu kilimo cha mwani kilipoanza kibiashara kisiwani mwishoni mwa miaka ya 1980, wanawake wengi wa vijiji hivyo huingia mashambani mwao maji yakipwa: hufunga mbegu kwenye kamba, huchomoa magugu na kuvuna. Bahari haijaondoka, imewafungulia mlango. Kiswahili cha pwani kina msamiati kamili wa jambo hili: kupwa, kujaa, bamvua, maji mafu. Mtu aliyefundishwa maneno hayo manne siku ya kwanza angejua aogelee saa ngapi, atembee saa ngapi, na wale wanawake wanafanya nini. Karaha yake ingepungua nusu bila hoteli kutumia senti. Badala yake, hufundishwa jambo na hakuna matata.

Karaha ya pili ni ya watu. Mgeni anapotoka nje ya uzio wa hoteli hufuatwa na vijana wanaouza vinyago, matembezi na safari za mashua. Unguja huitwa papasi, jina la mdudu anayeng'ang'ania ngozi na kunyonya damu. Uhakiki wa haki hauwezi kuwalaumu wageni peke yao hapa, kwa kuwa jina hilo ni la Kiswahili na limetungwa na wenyeji. Nafsi ya kijana huyo imefutwa mara mbili: mgeni humwona kama usumbufu, na wenziwe humwita mdudu. Lakini yeye ndiye mara nyingi anayejua Kiitaliano, Kijerumani au Kifaransa alichojifunza bila kwenda darasani, na ndiye mwenyeji pekee anayezungumza na mgeni bila sare. Ikiwa mazungumzo hayo yanaanzia na kuishia kwenye bei, sababu mojawapo ni kwamba pande zote mbili hazina lugha nyingine ya kuzungumzia.

Karaha ya tatu ni mavazi. Hoteli za ufukweni zimepakana na vijiji vya Kiislamu, na mgeni anayepita kijijini kwa vazi la kuogelea huwaudhi wenyeji wake. Mara nyingi hawamkemei, maana adabu ya kumstahi mgeni inawazuia. Mgeni huutafsiri ukimya kuwa ridhaa. Simulizi lake linarekodi tabasamu; uso uliogeuzwa pembeni haurekodiwi. Neno stara lina uzito mkubwa pwani kwa sababu linahusu mwili, nyumba na siri kwa pamoja, lakini kwa kawaida hutafsiriwa kama kanuni ya mavazi tu.

6. Pole: Neno Lililoachwa

Ingekuwa kosa kudhani kwamba Kiswahili hakina njia ya kuipokea karaha ya msafiri. Njia hiyo ipo na ni ya kale. Msafiri anapowasili huambiwa pole na safari, hata kama hakupatwa na lolote. Lugha inachukulia kwamba kila safari ina taabu, na kwamba taabu hiyo hutambuliwa kwanza, ndipo karibu ifuate. Aliyeumwa huambiwa pole. Aliyejikwaa huambiwa pole. Aliyefiwa huambiwa pole. Anayetamka neno hili hakiri kosa. Anatangaza kwamba taabu ya mwenziwe ameiona.

Mgeni anayesikia pole ikitafsiriwa kwa neno la Kiingereza la kuomba radhi hufahamu kitu kingine. Amejikwaa kwenye ngazi, na mhudumu aliye mbali anamwomba radhi. Basi ama mhudumu ana hatia, ama anajidhalilisha. Neno la ushirika limegeuzwa kuwa neno la daraja. Kwa upande mwingine, neno hilohilo likirudiwa mara mbili, polepole, limekuwa wimbo wa wapanda Kilimanjaro na nembo ya mapumziko. Utalii umeichukua pole ya mwendo na kuiacha pole ya huruma.

Hapa ndipo hoja ya makala inapotimia. Kiswahili cha utalii kinakana karaha kwa niaba ya nchi nzima. Gari linapokwama, chakula kinapochelewa au bei inapopanda, mgeni aliyeahidiwa kwamba matata hayapo hana namna ya kulieleza tukio ila kuliita udanganyifu. Dereva aliyefundishwa kusema hakuna matata hana namna ya kusema kwamba na yeye amechoka, kwamba spea haikufika, au kwamba ameamka saa tisa usiku. Baadhi ya madereva wamejitungia mzaha, wakiyaita matuta ya barabara masaji ya Kiafrika. Mzaha huo hupata kicheko, nao ni ushahidi wa werevu, lakini pia ni ushahidi kwamba kulalamika pamoja na mgeni si sehemu ya kazi.

7. Kioo cha Upande wa Pili: Safari za Wasuaheli

Ili kupima kama upungufu huu unatokana na utanzu au na hali ya kusafiri yenyewe, inafaa kutazama masimulizi ya upande wa pili. Mkusanyo wa Velten wa 1901 una maelezo ya wasafiri kadhaa. Miongoni mwao ni Sleman bin Mwenye Chande aliyekwenda bara kwa msafara wa biashara, na Salim bin Abakari, mzaliwa wa Ngazija, aliyefuatana na mwajiri wake Mjerumani, Theodor Bumiller, hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Kabla ya hapo, Amur bin Nasur, Mzanzibari aliyefundisha Kiswahili mjini Berlin katika miaka ya 1890, aliandika habari za mji huo.

Masimulizi haya nayo yana mipaka yake. Yaliandikwa kwa kuombwa, yakahaririwa na Mjerumani, na wasomaji wa kwanza walikuwa wanafunzi wa Kijerumani waliojiandaa kwa kazi za kikoloni. Wasimulizi hawakuwa huru kusema kila kitu kuhusu waajiri wao. Zaidi ya hayo, msafara wa bara ulikuwa na wapagazi na watumwa ambao sauti zao hazimo.

Pamoja na mipaka hiyo, namna ya kutazama ni tofauti. Salim bin Abakari hakwenda Siberia kutafuta mahali pasipo na watu. Anaandika kuhusu watu: wanakula nini, wanaabudu vipi, wanaishije katika baridi. Na kwa kuwa mtu mweusi alikuwa nadra katika nchi hizo, aliyekuja kutazama alitazamwa. Uzoefu huo wa kuwa kitu cha kutazamwa ndio ambao mtalii wa mbuga, aliye ndani ya gari, ameepushwa nao. Sleman naye anasimulia taabu za njia kama shughuli kati ya watu wenye majina na mamlaka. Hongo katika msafara ilikuwa malipo yaliyojulikana, yaliyotozwa na mtawala wa nchi ili wageni wapite. Ilijadiliwa, ilipunguzwa, na ililipwa mbele ya watu. Leo neno hilohilo lina maana ya rushwa. Mabadiliko hayo ya maana yanawahusu wataalamu wa sera moja kwa moja: ada inayoelezwa waziwazi huvumilika hata ikiwa kubwa, na ada isiyoelezwa huitwa hongo hata ikiwa halali. Sehemu kubwa ya karaha za mtalii kuhusu viza, ada za hifadhi na bima inatokana na ukosefu wa maelezo kuliko ukubwa wa kiasi.

8. Msafiri Aliyesahauliwa na Maana Yake Kisera

Katika matini zote za utalii zilizojadiliwa kuna mtu asiyeonekana kabisa: msafiri wa nchi jirani. Mganda anayekwenda Diani, Mkongomani wa Lubumbashi anayeshuka Dar es Salaam na kuvuka kwenda Unguja, Mrundi anayetembelea Serengeti, Mnyarwanda anayepumzika Malindi. Kwake likizo ni ya nje ya nchi, lakini lugha ya wenyeji si ya kigeni kabisa. Anaweza kuuliza hujambo na kujibiwa. Anaweza kubishana bei, kuambiwa pole, na kulalamika akaeleweka. Yeye pekee ndiye anayeweza kuandika simulizi la mbuga na pwani ambalo pande zote mbili zina nafsi.

Mazingira ya kisheria yameanza kumtambua. Viza ya pamoja ya watalii ya Kenya, Uganda na Rwanda ilianza mwaka 2014. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilianza kazi Zanzibar mwaka 2015. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017; Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha uamuzi wa aina hiyo mwaka 2022, mwaka ambao Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya. Hata hivyo vikwazo vya zamani vipo. Mpaka wa Kenya na Tanzania uliofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ilipovunjika, ulifunguliwa tena mwaka 1983, lakini kivuko cha Bologonja kati ya Serengeti na Maasai Mara hakikurejea kuwa njia ya kawaida ya watalii. Nyumbu huvuka kila mwaka. Msafiri huzunguka kupitia Sirari au Namanga. Ni vigumu kupata taswira bora zaidi ya ujirani ambao wanyama wameutekeleza kabla ya watu.

Kutokana na uhakiki huu, mambo manne yanapendekezwa. Kwanza, mitaala ya vyuo vinavyofundisha waongoza watalii na wahudumu wa hoteli iwe na somo la Kiswahili cha kupokea karaha: kueleza ucheleweshaji, kukataa kwa adabu, kutoa pole, na kulalamika. Kwa sasa ufasaha hupimwa zaidi kwa lugha za kigeni, kana kwamba Kiswahili cha mwenyeji hakihitaji kufundishwa. Pili, vijitabu vya misemo vinavyogawiwa wageni vianze na hujambo na sijambo, na vibebe msamiati wa mahali husika: majira na maji kwa pwani, malisho na mifugo kwa mbuga. Tatu, matangazo ya ada na taratibu katika mipaka, hifadhi na bandari yaandikwe pia kwa Kiswahili, ili ofisa, dereva na msafiri wa jirani wasome maneno yaleyale. Nne, vyama vya Kiswahili vya kanda vihimize uandishi wa safari kwa Kiswahili, hasa kutoka Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, ambako wazungumzaji ni wengi kuliko matini.

Upo upinzani unaostahili kujibiwa. Inaweza kusemwa kwamba mgeni wa wiki mbili hana haja ya viambishi, na kwamba jambo limewalisha wengi. Ni kweli, na hakuna sababu ya kulipiga marufuku. Lakini pendekezo halimhusu mgeni kwanza. Linamhusu mhudumu anayelipwa ili aongee lugha yake mwenyewe kwa namna ambayo hangeitumia nyumbani kwake. Mtu akishazoea kusema kwa miaka mingi kwamba hakuna shida, hata aliyemwajiri huamini.

9. Hitimisho

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo haikuahidi kwamba mgeni hatapata taabu. Iliahidi kwamba ujio wake utamponya mwenyeji, jambo ambalo linadai mwenyeji aulizwe anaumwa nini. Masimulizi ya likizo ya mbuga na pwani, kuanzia Waugh na Hemingway hadi leo, yamehesabu raha na karaha za upande mmoja kwa ustadi mkubwa. Hayakukosa huruma wakati wote, lakini yalikosa viambishi. Wasafiri wa Velten, pamoja na mipaka ya zama zao, wanaonyesha kwamba safari inaweza kusimuliwa na mtu anayetazama huku akitazamwa. Kazi hiyo ilianzishwa kwa Kiswahili zaidi ya miaka 120 iliyopita, na nchi za Jumuiya sasa zina wasafiri, barabara na lugha ya kuiendeleza. Kilichobaki ni kumrudishia anayepokea mizigo haki ya kuulizwa hujambo, na ya kujibu, siku nyingine, kwamba ana jambo.